Mtungi mdogo wa gesi kwa aliyehamia geto: miezi minane nao

Nilipotoka nyumbani kwenda kupanga chumba Mbagala, mama alinipa godoro na ndoo mbili. Mtungi wa gesi wa kilo 6, ule wenye jiko juu yake, nilinunua mwenyewe, na kwa anayeanza maisha sijaona pesa iliyotumika vizuri zaidi.

Kwa mtu mmoja anayepika jioni tu, wangu unakwenda wiki tano. Maharage ndiyo yanaumaliza. Siku hizi nayaloweka usiku kucha, au nanunua yaliyochemshwa kwa mama wa gengeni. Ugali wa watu wanne usijaribu: sufuria inayumba, na ukisonga kwa nguvu mtungi wenyewe unacheza sakafuni. Mimi naubana kwa miguu kama mtu anayekuna nazi.

Lawama yangu ni kwa duka nililobadilishia mtungi mara ya pili. Niliupokea bila kuupima, ukaisha siku ya 11. Sasa nataka uwekwe kwenye mizani mbele yangu: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa pale juu, wewe jumlisha kilo 6 za gesi, mizani isome hivyo. Muuzaji akinuna, anune.

Ukishalifunga jiko juu ya mtungi, paka maji ya sabuni kwenye maungio. Pakitoka mapovu, gesi inavuja. Na usiku funga koki kabisa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa chini, palepale lilipo godoro la sisi tusio na kitanda.