Diski ya "waja leo, waondoka leo" na habu ya USB iliyoituliza

Nyumbani Chumbageni nina seva ndogo, Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya ubao mmoja), imekaa juu ya kabati la vyombo. Ndimo zinamolala video za harusi ninazopiga, na watoto wanaangalia katuni humohumo. Diski moja ya nje ya inchi 2.5 haikuwa na neno. Nilipochomeka ya pili ndipo visa vikaanza: dakika kumi ipo, mara haipo, ikirudi seva inaipa jina jipya, sdc, wakati iliondoka ikiitwa sdb. Tanga yetu inasifika kwa waja leo, waondoka leo, lakini sikutarajia diski nayo ijisajili.

Fundi mmoja Ngamiani aliiweka sikioni, akasikiliza, akasema, "Hii imeshakufa, kaka. Chukua nyingine." Nusura nitoe hela. Usiku nikaisikiliza mwenyewe: tik, inazunguka, tik, inazima, inaanza upya. Kweli diski mbovu nayo hulia hivyo, kwa hiyo fundi simlaumu sana. Ila nilipoichomeka kwenye laptopu ya mke wangu, ikakaa saa nzima haijakohoa.

Nikafungua dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa mfumo, kwenye seva. Kila USB inapokatika, jirani yake kuna onyo la volteji ndogo. Amri ya vcgencmd get_throttled ikajibu 0x50005, yaani umeme hautoshi sasa hivi na haukutosha hata kabla. Hapo kosa lilikuwa langu: Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, mimi nimeipa chaja ya simu kuukuu. Nikaweka chaja inayostahili, jibu likawa 0x0. Nikashangilia mapema. Diski ya pili ikaendelea kuondoka.

Kumbe matundu yote manne ya USB kwenye Pi 4 yanagawana ampea 1.2 tu, na diski kama hizi zinapoanza kuzunguka, kila moja inaweza kudai karibu ampea nzima. Sahani moja, wageni wawili wenye njaa.

Ndipo nikanunua habu ya USB 3.0, kile kifaa cha kuongeza matundu, yenye adapta yake ya ukutani, Sh 45,000. Mpaka leo ni wiki ya tatu, diski haijakatika hata mara moja, pamoja na ule usiku niliohamisha gigabaiti 300 kwa mkupuo.

Kasoro zipo. Waya wake ni shubiri moja, na taa yake ya buluu inamulika sebule nzima, nimeibandika plasta. Kubwa zaidi, inarudisha umeme kwenye Pi: nikichomoa chaja ya Pi, taa yake nyekundu bado inawaka. Kuwasha upya sawasawa kunataka nichomoe na habu pia. Umeme ukikatika na kurudi, diski nazo huchelewa kuamka, kwa hiyo kwenye fstab, faili la orodha ya diski za kufunguliwa seva inapowaka, nimeziandika kwa UUID (namba isiyobadilika ya kila diski) na kuongeza neno nofail, seva isigome kuwaka kwa kuzisubiri.

Kwa diski za inchi 2.5 zaidi ya moja, ningeinunua tena kesho. Kama zako ni zile kubwa za inchi 3.5, zina adapta zao za volti 12. Usihangaike na habu, anza kukagua waya.