Kware wa mayai: soya kwanza, majani baadaye

Wengi wanaoniuliza kuhusu chakula cha kware hapa Arua, Uganda, huanza na swali moja: unga wa majani ya mlonge unauzwa wapi? Nami huwauliza soya yao wanainunua wapi, na kama imekaangwa.

Kware jike ana gramu kama 150, na yai lake lina gramu 10 hadi 12. Hiyo ni asilimia 7 hadi 8 ya mwili wake. Kuku hafiki hata 4. Kazi hiyo anaifanya kwa chakula cha gramu 20 hadi 25 tu kwa siku, ambacho karibu asilimia 20 yake inatakiwa iwe protini. Kware 100 wanakula kilo 2 na nusu, na ndani yake nusu kilo ni protini. Sasa weka mlonge asilimia 5: ni gramu 125, zenye protini kama gramu 30. Mahindi na pumba vitaongeza kidogo. Zinazobaki zitatoka wapi?

Ndiyo maana soya naiweka ya kwanza. Punje nzima ina protini karibu asilimia 37, na mafuta yake ni nguvu kwa ndege. Ila soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kumeng'enya protini, na moto ndio unaokiua. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua gunia la unga wa soya kwa bei iliyonifurahisha. Muuzaji alisema, "Mama, hii imekaangwa vizuri." Wiki mbili baadaye vinyesi vimelegea na mayai yamepungua karibu nusu. Nikaulamba ule unga: ladha ya maharage mabichi kabisa. Tangu siku hiyo nanunua punje, nakaanga mwenyewe kwenye sufuria kavu, moto wa wastani, nikigeuza bila kupumzika hadi maganda yaanze kupasuka. Kisha navunja punje na kuitafuna. Ikiwa bado ina ladha ya ubichi, inarudi jikoni.

Ya pili ni mashudu ya simsim (ufuta), yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta. Protini yake hupita asilimia 40, na ina methionini, kijenzi cha protini ambacho soya inacho kidogo. Soya nayo ina lisini, kijenzi kingine ambacho simsim inacho kidogo. Kwa anayewaacha mukene (dagaa) kwa sababu ya mchanga uliochanganywa humo, ndoa ya hizi mbili ndiyo tegemeo. Na mashudu nayo yapime: tia kijiko kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga utauona chini.

Mashudu ya alizeti ni ya tatu, kama hayana maganda mengi. Yapulize kiganjani, maganda yakiruka kwa wingi, unalipia kuni. Gawa bei ya kilo kwa asilimia ya protini kabla hujadanganywa na urahisi.

Mlonge ni wa nne, na ninaupenda kwa kazi yake halisi: rangi. Mahindi yetu mengi ni meupe, hivyo kiini hutoka hafifu. Mlonge kidogo hukifanya kiwe cha njano inayovutia wateja. Nunua unga wa kijani kibichi uliokaushwa kivulini; wa kahawia umepigwa jua na vitamini A yake imepotea. Kama una dodo (mchicha) shambani, kausha hiyo, uhifadhi pesa yako.

Lusina, mti wa malisho, majani yake nayaweka ya mwisho kwa sababu ya sumu yake ya mimosini; isizidi asilimia 5. Mashudu ya pamba siyagusi kwa ndege wa mayai: gosipoli, sumu ya asili iliyomo, huharibu rangi ya kiini yai likikaa.

Katika kilo 100 mimi huweka soya 28, simsim 9, mlonge 3 na chokaa ya mifugo 7. Kinachobaki ni mahindi na pumba kidogo, pamoja na chumvi na unga wa vitamini na madini kwa kipimo cha kwenye pakiti. Chokaa usiiruke, kwani hakuna mmea hapa utakaokupa ganda gumu. Unga wa vitamini nao ni lazima, maana mimea haina vitamini B12.

Saga laini kuliko chakula cha kuku. Kware huchagua chenga za mahindi na kuacha vumbi, na protini yako yote iko kwenye vumbi hilo. Mafuta ya soya huchacha upesi kwenye joto letu, kwa hiyo changanya cha wiki tatu tu: kwa kware 100 ni kilo 52 na nusu.