Ziara ya siku moja ya volkano na maporomoko: uliza saa ya kuondoka kabla ya kuuliza bei

Kila likizo za shule zikiisha, lalamiko ni lile lile, hubadilika sura tu. La karibuni ni la mama mmoja wa Dar es Salaam aliyewapeleka wajukuu zake Moshi. Alilipia kifurushi cha Kilimanjaro, maporomoko na chemchemi, na tangazo lake lilikuwa na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imeng'aa kwa theluji. Watoto wakaoga maporomoko, wakala, wakarudi hotelini wamechoka. Mlima hawakuuona hata ukingo wake. Alipouliza akaambiwa kwamba hali ya hewa ni kazi ya Mungu.

Wingu ni kazi ya Mungu. Saa ya gari kuondoka ni kazi ya kampuni, na gari lile liliondoka saa tatu na nusu asubuhi.

Kwa hiyo leo sitazungumzia viatu, wala lanchi boksi, wala nyota ambazo kampuni imepewa mtandaoni. Hayo yameandikwa mpaka basi. Nataka tuzungumzie saa, kwa sababu ndiyo inayoamua kama umenunua volkano au umenunua mawingu, na karibu hakuna mteja anayeiuliza kabla ya kutoa kianzio.

Jambo lenyewe si gumu. Kilimanjaro (mita 5,895) na Meru (mita 4,566) zote zimezungukwa na mkanda wa msitu wenye unyevu mwingi. Alfajiri hewa ni ya baridi na imetulia, kilele kiko wazi. Jua likipanda, mteremko unapata joto, hewa yenye unyevu inapanda nayo, inapoa huko juu na kuwa wingu. Siku nyingi, kufika saa tatu au saa nne, kilele kimeshafunikwa. Pengine kitafunguka tena jioni, wakati wewe umeshaoga na kulala. Msimu wa masika mlima unaweza kujificha kutwa nzima, na hapo sina wa kumlaumu. Lakini Januari, Februari au Septemba, kuukosa mlima mara nyingi ni uzembe wa ratiba.

Sasa angalia ratiba za kawaida. Kifungua kinywa hotelini ni saa moja. Gari linapita kuchukua wageni wa hoteli ya pili, halafu ya tatu, ambako kuna mmoja bado yuko bafuni. Mnasimama kununua maji. Dereva anajaza mafuta wakati huo huo mko ndani, kana kwamba kituo hicho kilifunguliwa asubuhi ile na jana yake hakikuwepo. Mkifika mahali pa kuona mlima, mlima umeshafunga duka.

Maporomoko hayana shida hiyo. Maji yanaanguka saa mbili, yanaanguka saa nane, na mawingu hata yanayasaidia kwenye picha kwa sababu mwanga haukatikati kati ya kivuli na jua kali. Ndiyo maana ninazipima ziara zote kwa kanuni moja: volkano kwanza, maji baadaye. Kampuni inayopanga kinyume chake inapanga kwa raha ya dereva.

Namba moja: Hifadhi ya Taifa Arusha

Naipenda na sifichi. Ukiniambia nichague moja tu kwa mtu mwenye siku moja, nitachagua hii hata ukinikatiza usingizini.

Mlima Meru zamani ulibomoka upande wa mashariki. Ubavu mzima uliporomoka, na kifusi kikatiririka kuelekea bondeni. Vilima vile vidogo vidogo vya Momella unavyovipita kwa gari, pamoja na maziwa yaliyokaa katikati yake, vimekalia kifusi hicho. Kilichobaki juu ni mlima wenye umbo la kwato ya farasi, na ndani yake kuna koni ya majivu iliyojijenga baadaye. Mlipuko wake wa mwisho unaojulikana ni wa mwaka 1910, kwa hiyo usidanganyike kwamba umekufa.

Zingatia neno mashariki. Kwa kuwa mlima uko wazi upande huo, jua la asubuhi linaingia moja kwa moja kifuani mwake. Ukiwa Momella mapema unaona kuta za ndani, mikunjo ya miamba, na koni ya majivu imesimama peke yake. Ukifika saa tano, hata kama wingu halipo, mwanga umeshakuwa bapa. Saa nane mlima ni kivuli tu.

Na hapa ndipo waongozaji wengi wanapokosea hata wakiwahi. Wakishaingia geti la Ngongongare na kupita uwanda wa Serengeti Ndogo, wanakata moja kwa moja kwenda kreta ya Ngurdoto kwa sababu iko karibu. Ngurdoto ni bakuli la upana wa kilomita tatu hivi, ukingo wake wote ni msitu, na asubuhi mara nyingi linajaa ukungu mweupe usioona chini. Hairuhusiwi kushuka ndani, unatazama ukingoni tu, kwa hiyo ukungu ukiwepo hujaona kitu. Mwambie dereva aende Momella kwanza mkauone mlima na maziwa. Kila ziwa lina kiwango chake cha magadi, ndiyo maana rangi hazifanani, na heroe wakiwepo hutawatafuta. Kisha mtembee kwenda maporomoko ya Tululusia. Ngurdoto iwe mwisho, mchana, ukungu umeshatoka na mbega wako juu ya miti pembeni ya barabara.

Tululusia mnakwenda kwa miguu mkisindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu uwanda mnaoukata una nyati na twiga. Mwongozaji wa kampuni peke yake hatoshi, na ada ya kutembea ni tofauti na kiingilio. Uliza kama imo kwenye bei uliyopewa. Kampuni nyingi huiacha nje ili bei ionekane nyepesi, halafu mnafika getini mnaanza kuchangishana, na geti halipokei fedha taslimu, kwa hiyo mnaanza pia kuhangaika na kontrol namba huku jua linapanda. Saa nzima inaweza kuliwa hapo. Kampuni makini inakamilisha malipo siku moja kabla.

Kasoro? Maporomoko yenyewe si marefu kama ya Materuni, na anayetaka kuogelea mchana kutwa hapa si mahali pake. Zaidi ya hapo sioni kasoro, na najua nina upendeleo.

Namba mbili: Rungwe

Watu wa kaskazini mnisamehe. Tukuyu na vitongoji vyake vina volkano na maji mengi kwa namna ambayo kaskazini hawana, na bei bado haijaharibiwa na watalii wa kupanda mlima. Ziwa Ngozi limekaa ndani ya kreta, unalifikia kwa kupanda kupitia msitu wenye mianzi, na kipande cha mwisho ni kikali na chenye utelezi. Daraja la Mungu ni mwamba wa volkano uliobaki umevuka Mto Kiwira huku mto ukipita chini yake. Kaporogwe ni maporomoko yenye pango nyuma ya pazia la maji, unaingia na kuyatazama kutoka ndani.

Kanuni ya saa huku ni kali kuliko Arusha. Rungwe ni kati ya maeneo yenye mvua nyingi sana nchini, na ukingo wa Ngozi ukishafungwa na ukungu utasimama juu ya ziwa kubwa usilione hata kidogo. Ngozi iwe ya kwanza kabisa, alfajiri, kutokea Mbeya au Tukuyu. Halafu chagua moja kati ya mbili zilizobaki. Anayekuuzia zote tatu kwa siku moja anakuuzia dirisha la gari, maana Kaporogwe iko kusini mwa Tukuyu na Ngozi iko kaskazini.

Nimeiweka ya pili kwa sababu waongozaji wazuri ni wachache na ukikosea mtu umepotea. Tafuta mwenyeji wa pale pale. Dereva wa kukodiwa Mbeya mjini anajua barabara tu.

Namba tatu: Ziwa Chala na Marangu

Hii inauzwa kidogo kuliko inavyostahili. Chala ni ziwa la kreta lililogawanywa na mpaka wa Tanzania na Kenya, lina kina cha zaidi ya mita 90, na maji yake kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi kutokea upande wa Kilimanjaro. Uzuri wake ni kwamba saa inakufaa kotekote: alfajiri ukiwa njiani kwenda Rombo unauona mlima kwa upande wa Mawenzi, kile kilele kilichochongoka ambacho kwenye kalenda hakionekani vizuri. Ziwa lenyewe ni zuri jua likiwa utosini, kwa kuwa kuta za kreta ni ndefu na asubuhi sehemu ya maji iko kivulini. Mchana mnarudi Marangu kwenye maporomoko ya Kinukamori, kivuli na ubaridi. Usiogelee Chala hata mwongozaji akisema yeye huogelea kila wiki.

Namba nne: Materuni na Chemka

Ndiyo inayouzwa kuliko zote Moshi, na ndiyo iliyomuumiza yule mama. Si mbaya. Maporomoko ya Materuni ni marefu na yanaanguka kwenye bwawa la maji ya baridi ya kukata pumzi, njia inapita kwenye migomba na mibuni ya Wachagga, na kahawa mnaikaanga na kuitwanga wenyewe kwa wimbo. (Wimbo ni ule ule kwa kila kundi, na kundi linalofuata linasubiri mlangoni, lakini kahawa ni kahawa kweli.) Chemka ni maji angavu ya kuogelea chini ya mikuyu upande wa Boma Ng'ombe. Ni vuguvugu tu, usije na mayai ya kuchemsha. Jumapili inajaa.

Tatizo ni kwamba hakuna volkano ndani yake. Kibo unaiona ukiwa njiani kupanda Materuni, alfajiri tu, na gari linaondoka saa tatu. Ukiinunua, inunue kama siku ya maji na kahawa, na ukatae kulipia picha ya theluji iliyoko kwenye tangazo.

Usinunue kwa siku moja: Ziwa Natron na Lengai

Hapa nakasirika kidogo. Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, ni volkano hai ambayo haina mwenzake duniani kwa sasa. Lava yake ni ya kaboneti za sodiamu, joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 tu, wakati lava ya kawaida ya basalti hupita 1,000. Inatoka nyeusi, inatiririka kama maji ya matope, halafu ikishapoa na kukutana na unyevu inageuka nyeupe. Chini yake kuna maporomoko ya Ngare Sero, unayafikia kwa kutembea ndani ya mto katikati ya kuta za korongo. Yaani ni kila kitu ambacho makala hii inatafuta.

Halafu mtu anakuuzia kwenda na kurudi Arusha siku hiyo hiyo. Barabara baada ya Mto wa Mbu ni vumbi na mawe, na kuna mageti ya ushuru, kila moja na risiti yake na mazungumzo yake. Unafika mchana wa jua kali, mlima umepauka kwa joto, unakimbizwa korongoni, unakimbizwa garini. Lala usiku mmoja, ama usiende. Asubuhi ya Natron ndiyo bidhaa yenyewe.

Za bei nafuu

Daladala za Moshi hadi Marangu zipo, Kinukamori ni karibu na Marangu Mtoni, kiingilio unalipa pale pale. Basi.

Kuhusu bei

Mtanzania anaingia hifadhini kwa kiingilio cha shilingi, na ni kidogo mara nyingi kuliko cha mgeni wa nje. Ila ukiomba bei unaandikiwa dola, jumla moja isiyofumuliwa, na ndani yake umehesabiwa kama umeshuka na ndege kutoka Ulaya. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kupanga bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo huombi fadhila ukidai shilingi. Dai pia mchanganuo: gari, mwongozaji, kiingilio cha mzawa, ada ya kutembea, chakula. Kiingilio kikionekana kikubwa kuliko chakula cha watu wote, umeshajua umewekwa kundi gani. Na leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, waionyeshe bila kununa. Papasi wa stendi hana, ana picha za simu na uchangamfu.

Kisha tuma ujumbe mmoja tu: tunaondoka saa ngapi, na kituo cha kwanza ni kipi? Kampuni moja ilinijibu kwamba kuondoka saa kumi na moja alfajiri inawezekana ila kuna nyongeza, maana dereva ataamka mapema. Nikauliza kama kuondoka saa nne kuna punguzo, kwa kuwa dereva atakuwa amelala. Tiki mbili za bluu, na mpaka leo jibu sijaliona.