Pampu ya tumboni na pampu ya seli za homoni, tusizichanganye

Jamani tuko hapa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) tunajiandaa na testi na watu bado wanazichanganya hizi pampu mbili za protoni, yaani chembe za H+ zinazoleta asidi. Ya tumboni ipo kwenye utando wa nje wa seli, inatoa protoni inaingiza potasiamu, asidi inafika pH 1 mpaka 2. Hiyo nyepesi.

Ila ya seli za homoni, V-ATPase, mi ndo naipenda. Chukua seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, kwenye sitoplazimu (ute wa ndani ya seli) pH ni kama 7.2 lakini ndani ya kifuko cha insulini inashuka mpaka karibu 5.5 sababu pampu inatumia ATP (nishati ya seli) kusukuma protoni ndani ya kifuko bila kubadilishana na potasiamu, na kwenye hiyo asidi ndo vimeng'enya vinachangamka vinakata proinsulini (insulini ambayo bado haijakamilika) iwe insulini, halafu inajipanga na zinki inakuwa fuwele. Yaani raha! Maabara ukiizima hiyo V-ATPase kwa bafilomisini, kemikali inayoizuia, ukataji unakwama.

Juzi shangazi wa Kizota kaniuliza kama omeprazoli yake, dawa ya kupunguza asidi tumboni, itamharibia insulini, nikamwambia hapana shangazi, hiyo inalenga pampu ya tumboni, siyo hii.