Houston, We Have a Narrative: kitabu cha mtafiti anayetaka kusomwa

Randy Olson alikuwa profesa wa biolojia ya bahari kabla ya kuhamia kwenye filamu, na kitabu chake cha mwaka 2015 kimebeba ujuzi wote huo. Kiini chake ni maneno matatu: na, lakini, kwa hiyo. “Na” hutandika yanayojulikana, “lakini” hufichua pengo, “kwa hiyo” huleta kilichofanyika.

Kipime kwa muhtasari wako: zungushia duara kila “na”. Zikirundikana bila “lakini” hata moja, hapo kuna orodha tu, hakuna kisa. Wengi hukosea kwa kuichelewesha “lakini” hadi aya ya tatu, msomaji keshaondoka.

Tahadhari: kanuni hii hailindi mashaka ya matokeo. “Huenda” isigeuke “imethibitika” ili kisa kinoge.