The Last Waltz au Stop Making Sense?

Kwa mpenzi wa muziki wa roki, filamu hizi mbili za tamasha hazichuji. The Last Waltz (1978) ya Martin Scorsese ni tamasha la kundi la The Band kuaga jukwaa, ukumbi wa Winterland, San Francisco, Novemba 1976. Wageni ni wazito: Bob Dylan, Joni Mitchell, na mwanamuziki wa blues Muddy Waters, ambaye kwangu anawafunika wote. Ila mahojiano ya katikati hukata utamu.

Stop Making Sense (1984) ya Jonathan Demme haina mahojiano kabisa. Mwimbaji David Byrne anaingia peke yake, gitaa mkononi na redio ya kaseti. Nyimbo zikisonga, wenzake wa kundi la Talking Heads wanaongezeka mmoja mmoja hadi jukwaa linachemka. Hadhira haionyeshwi sana mpaka mwishoni, kwa hiyo unayenyanyuka kucheza ni wewe. Anza na hii.