CMC, Natrosol au HPMC: unga upi wa kuongeza uzito wa sabuni ya maji?

Lalamiko ninaloletewa mara kwa mara na wajasiriamali wa sabuni ya maji ni hili: sabuni inagoma kushika uzito, na ukiongeza chumvi ili ishike ndiyo kwanza inazidi kuwa maji. Wengi wanailaumu slesi (SLES), ile malighafi ya povu. Mimi naanza na ule unga mweupe, maana ndio unaonunuliwa bila kuulizwa swali.

Rangi ya unga siiangalii. Nauliza jambo moja: ndani ya hiyo kilo kuna chumvi kiasi gani?

CMC, yaani kaboksimethili selulosi, hutokana na massa ya mbao au nyuzi fupi za pamba. Massa hulowekwa kwenye kostiki soda, kisha hutiwa asidi ya monokloroasetiki, na selulosi isiyoyeyuka hugeuka unga unaoyeyuka. Humo humo huzaliwa chumvi ya kawaida na sodiamu glaikoleti. Kiwanda makini huuosha unga kwa alkoholi mpaka chumvi hizo zitoke. CMC ya chakula, ile yenye namba E466 ya viungio vya chakula, lazima iwe safi kwa asilimia 99.5. Isiyooshwa inaweza kubeba chumvi theluthi nzima ya uzito wake.

Kwenye tope la kuchimbia visima vya mafuta hiyo hutumika. Kwenye sabuni ya maji ni balaa. Slesi huwa nzito kadiri unavyotia chumvi, lakini ina kilele chake; ukikivuka, kila kijiko kinailegeza. Ukishamimina CMC iliyojaa chumvi, kipimo chako cha siku zote cha chumvi kinakuvusha kilele. Isitoshe, chumvi huipunguzia CMC yenyewe nguvu.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni Natrosol 250 HHR ya kampuni ya Ashland, na sifichi kwamba naipendelea. Hii ni haidroksiethili selulosi. Haina chaji ya umeme, kwa hiyo chumvi haiisumbui sana, na hata kwenye dawa ya choo yenye asidi huvumilia kuliko CMC. Asilimia 1 tu ndani ya maji hutoa mnato wa sentipoizi 3,400 hadi 5,000. Hiyo R ya mwisho maana yake chembe zimetibiwa zisishikane. Nyunyiza kwenye maji baridi huku unakoroga: unga unatawanyika, maji bado mepesi. Tia magadi soda kidogo, endelea kukoroga, na mwiko unaanza kuwa mzito mkononi. Donge hulioni. Ni ghali, lakini unatumia kidogo.

Ya pili ni CMC iliyosafishwa, kama daraja zilizosafishwa za Finnfix ya Finland. Iyeyushe pembeni, iache ilale usiku kucha, na usiitie kabla salfoniki, ile asidi ya kutengenezea sabuni, haijatulizwa na kostiki, kwa sababu asidi kali huinyima uzito.

HPMC, yaani haidroksipropili methili selulosi, naiweka ya tatu. Kwenye gundi ya vigae na plasta haina mpinzani, kwa jinsi inavyoshika maji. Kwenye sabuni inawachanganya watu: katika maji ya moto hutawanyika bila kuyeyuka, huyeyuka yakipoa. Asiyejua huongeza unga, na asubuhi anakuta uji.

CMC ghafi ya bei chee waachie wa sabuni ya unga.

Yoyote utakayochukua, weka kihifadhi. Bakteria hula selulosi hizi zote.

Sasa wauzaji. Mfuko wa kilo 25 unafika na lebo, daraja na namba ya toleo. Unafunguliwa nyuma ya duka, unapimwa kilo kilo kwenye mifuko ya nailoni isiyo na hata herufi moja, na ukiuliza usafi unajibiwa, "Dada, CMC ni CMC." Hapana! Tuseme kilo ni shilingi 10,000 na CMC halisi ndani yake ni asilimia 65: shilingi 3,500 umelipia chumvi ambayo ungeipata dukani kwa bei ya kutupa. Omba uone mfuko wenyewe. Omba cheti cha uchambuzi chenye usafi, mnato na unyevu. Wakikunyima vyote viwili, nunua robo tu, koroga gramu 5 kwenye nusu lita ya maji, ulinganishe na gramu 5 za duka jingine kabla hujatoa pesa ya kilo.